Kwa Nini Babaako Hakumzika Ami Khalfan

Mwanangu Ruqaya,

Salamu zangu umezipokea asubuhi kwenye chai, na dua zangu hazingoji karatasi, kwa hivyo naomba nianze pale nilipokusudia.

Umekwenda Mawaleh kuwaaga shangazi zako. Nnawajua, hawatakuachia kabla hujaonja kila kilichopikwa, na mimi nimefurahi, maana nimepata nyumba kimya. Jua la alasiri limeingia ukumbini mpaka kwenye sanduku lako. Nimelifunga mwenyewe. Sina la kukwambia kuhusu nguo za baridi wala bizari nilizokutilia, wala namna ya kukaa na watu. Hayo unayajua, na usiyoyajua utafundishwa na hiyo nchi unayokwenda. Nataka kukujibu swali uliloniuliza nikalikimbia.

Uliniuliza jikoni, siku tuliyorudi matangani kwa Bi Asya. Ulikuwa hujavua buibui. Ukasema, "Mama, kwa nini Baba hakwenda kumzika Ami Khalfan?" Mimi nikakwambia punguza moto, wali unaungua. Wali haukuwa unaungua.

Tangu siku ile babaako unamsemesha "ndiyo Baba" na "taib Baba", basi. Unamwekea kikombe chake mezani unaondoka. Adabu hujaivunja hata kidogo, na hiyo ndiyo inayomuumiza, maana mtu akimkosea adabu angalau angepata la kujibu. Nilikuwa nikisema nafsini mwangu, itapita. Haikupita, na kesho unasafiri, unakwenda kuanza kazi ya ubalozini. Umeingia serikalini, mwanangu, na humo ndimo babaako na Ami Khalfan walimopotezana. Ulikuwa mdogo. Uliona nusu, na nusu nyengine umejijazia mwenyewe.

Sikiliza basi.

Ami Khalfan hakuwa ndugu wa babaako wa damu, hilo unalijua. Walikuja nchi hii ya Kiarabu kutoka Unguja vijana wabichi, kila mmoja kwa safari yake, wakakutana Matrah katika chumba cha kupanga chenye feni iliyokuwa ikizunguka inapotaka yenyewe. Wakati huo serikali ilikuwa ikitafuta watu waliosoma, na wao Kiingereza wakikijua. Kiarabu ndicho kilichowatia aibu. Kiarabu chao kilikuwa cha chuoni, cha Msahafu, si cha kumuuliza mtu bei ya nyanya. Makarani wenzao wakiwacheka kila wakifungua mdomo. Basi jioni wakirudi chumbani walikuwa na mchezo wao: mmoja anajifanya waziri, mwenziwe anajifanya raia mwenye shida, na hapana ruhusa ya neno la Kiswahili mpaka shida imalizwe. Khalfan alikuwa akinihadithia huku machozi ya kicheko yanamtoka. Anasema kila siku waligombania kuwa raia, kwa sababu waziri ndiye aliyetakiwa aseme sana.

Mimi nilikuja baadaye. Posa yangu Khalfan ndiye aliyeileta. Babaako alikaa kimya mbele ya baba yangu kama mtu aliyepelekwa kushitakiwa, Khalfan akamsemea kila kitu, mpaka baba yangu akauliza, "Sasa anayeoa ni nani hapa?"

Wakapanda vyeo pamoja, huyu mbele, huyu nyuma kidogo. Babaako akawa wakili wa wizara, yule anayemfuata waziri, kisha ikasomwa marsumu kwenye televisheni, ile amri ya kuteua, na jina lake likawa limo katika Baraza la Mawaziri. Khalfan alikuwepo hapa hapa ukumbini. Alipiga vigelegele kama mwanamke! Mkewe, Bi Asya, akamziba mdomo kwa ukaya wake, anamwambia majirani watatufikiriaje. Baada ya miaka kadhaa lilisomwa jina la Khalfan naye, wizara nyengine. Ikawa watu wawili wa chumba kimoja cha Matrah wamo katika Baraza moja.

Siku ya mkutano wa Baraza Khalfan alikuwa akipitia kwetu asubuhi. Huenda unakumbuka vitumbua vya siku hizo. Hukumbuki kwa nini alikuwa akija. Alikuja kufungwa kilemba. Mtu mzima, waziri, kilemba hakukiweza maisha yake yote. Akikifunga mwenyewe kinamlalia upande mmoja kama kapu la samaki. Babaako alikuwa akimsimamisha pale karibu na kioo, anakizungusha, anakibana, huku anamkemea, "Tulia basi, unatikisika kama mtoto anayenyolewa." Na yeye anajibu, "Nifunge vizuri bwana, watu wasije wakasema Wazinjibari hawajui kuvaa." Kisha wanatoka, kila mtu na gari yake na dereva wake, na mdomo wa kila mmoja umeshageuka Kiarabu kabla hawajafika getini.

Nisikudanganye, mwanangu, mimi niliyapenda maisha yale. Nilipenda kuwekwa mbele arusini. Nilipenda kusikia simu inalia. Ijumaa nyumba ilikuwa inajaa mpaka viatu havina pa kukaa: huyu mwanawe anataka kazi, huyu ana kiwanja hakijapimwa, huyu kaja kusalimia tu na kesho atarudi kusema shida yake. Wewe mwenyewe ulikuwa unakimbilia simu unasema kwa Kiarabu chako cha skuli, "Maali hayupo," kama mawaziri wanavyoitwa huku. Ulidhani Maali ni jina la babaako. Siku moja mwalimu alikuuliza jina la baba ukamwambia Maali, na tulicheka wiki nzima. Hakuna aliyetwambia wakati ule kuwa hilo ni jina la kiti.

Lakini kitu kimoja babaako alikichunga. Alikuwa akitoka Barazani mdomo umefungwa. Nilimuuliza mara moja tu, kuhusu jambo ambalo mji mzima ulikuwa ukilisema. Akaniambia, "Zuwena, yanayosemwa mule hayapandi garini na mimi." Hakukasirika. Alilisema kama mtu anayekwambia chumvi iko wapi. Na mimi mkewe, niliyemzalia, sikupata kujua hata jambo moja kabla halijasomwa. Nakuomba ulishike hilo, maana ndilo kila kitu katika khabari hii.

Sasa jioni yenyewe.

Tetesi zilikuwepo, kwamba Baraza litabadilishwa. Tetesi huwepo daima. Babaako hakuzishughulikia, siku ya pili yake alikuwa na safari ya kikazi mkoani na nguo zake nilikuwa nimeshazitandika kitandani. Jioni hiyo Khalfan na Bi Asya tulikuwa tumewaalika chakula. Nimepika wali wa nazi na kuku wa kupaka, nnachoma sambusa za mwisho. Wewe uko chini kwenye zulia na madaftari yako ya skuli. Televisheni imewashwa kama kawaida, hakuna anayeitazama.

Msomaji wa khabari akaanza kusoma marsumu ya kuundwa upya Baraza la Mawaziri. Nikatoka jikoni na kijiko mkononi. Anasoma jina la mtu, la babaake, la babu yake, kisha wizara. Jina, kisha wizara. Babaako alikuwa amekaa na tende mkononi. Msomaji akasoma jina la Khalfan, na la babaake, na la babu yake, kisha akasoma wizara ya babaako.

Nikasema, "Huyu kakosea."

Babaako akasema, "Hawakosei."

Akaendelea kusikiliza. Ile wizara ya Khalfan ya zamani akapewa mtu mwengine. Wizara zikaendelea kusomwa mpaka zikaisha. Wewe uliinua kichwa ukauliza, "Baba, wewe jina lako watalisoma lini?"

Alikwambia, "Nenda kamsaidie mamaako." Lakini mamaako nilikuwa nimesimama pale pale, na yeye akabaki anaitazama televisheni mpaka hali ya hewa, joto la kila mkoa, mawimbi ya bahari, kama kwamba huenda jina lake limo humo.

Kengele ikalia. Nikenda kufungua. Bi Asya kashika sahani ya mkate wa kumimina, uso umemshuka. Khalfan yuko nyuma yake na kofia tu kichwani, hana kilemba. Akapita mbele yetu akaingia mpaka ukumbini. Babaako hakuinuka.

"Suleiman," akasema.

"Ulijua?"

Khalfan angeweza kusema sikujua. Nnaamini mpaka leo kwamba angeapa, babaako angemkubali usiku ule ule, kwa sababu alikuwa anatafuta kuambiwa hivyo. Lakini Khalfan alikuwa mtu mkweli.

"Nilijua tangu adhuhuri," akasema. "Niliitwa nikaambiwa, na nikaambiwa nisiseme mpaka isomwe. Nilitaka nifike hapa kabla, nikae na wewe tusikilize pamoja. Barabara ya Sib imefungana, Suleiman. Nimeisikia nimo garini."

Babaako akaiweka ile tende mezani. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Nimekupigia simu alasiri."

"Ndiyo."

"Nikakuuliza, Zuwena anauliza apike kuku au samaki."

"Ndiyo."

"Ukasema kuku."

Khalfan akainamisha kichwa. "Nikasema kuku."

"Ulikuwa unajua, ukasema kuku."

"Nilikuwa nnajua."

Babaako akasimama. Akajinyoosha kanzu yake, akaonesha kwa mkono upande wa majlisi, kule tunakoweka wageni wakubwa, ambako Khalfan hakupata kukaa tangu nyumba hii ijengwe. Akamwambia kwa Kiarabu, Kiarabu safi cha ofisini, "Tafadhali, Maali Waziri. Nyumba ni yako."

Katika maisha yao yote wawili hawa hawakusemezana Kiarabu peke yao ila kwenye ule mchezo wa Matrah. Nilimuona Khalfan uso wake. Ungedhani kapigwa kofi. Akaingia majlisini akakaa. Nikapeleka chakula, kikarudi kama kilivyokwenda, pamebonyea kidogo tu upande mmoja ambapo mtu alichukua tonge kwa heshima. Mimi na Bi Asya tulikuwa jikoni tunaosha vyombo visivyokuwa vichafu. Nikamwambia, "Asya, hata simu moja shoga yangu? Hata mafumbo?"

Akaniambia, "Yeye hakuniambia hata mimi. Na wewe Zuwena, ungekuwa mumeo ndiye aliyeambiwa, angepiga simu?"

Nikaendelea kuosha sahani.

Baada ya hapo, unayakumbuka mwenyewe baadhi yake. Simu ilinyamaza. Hakuna aliyetutukana, hakuna aliyetudhulumu; babaako alilipwa haki yake na akashukuriwa kwa kazi yake, na hilo la kubadilisha mawaziri ni jambo la kila serikali. Ni kwamba watu waliacha kuja. Ijumaa ya kwanza nilitandika kahawa na halua kama kawaida. Alikuja mtu mmoja, mzee wa msikitini, na yeye alikuwa hajasikia khabari. Babaako akawa kila asubuhi anavaa kamili, kanzu imepigwa pasi, kilemba, anakaa majlisini, mpaka adhuhuri inapoadhiniwa anavua. Siku nyengine anatoka na gari peke yake. Nikimuuliza alikokwenda anasema Rusayl, kupunga upepo. Nani anakwenda Rusayl kupunga upepo, kwenye viwanda na malori? Baadaye nilijua. Kuna kiwanda kule alikifungua yeye, na getini pana jiwe lina jina lake. Alikuwa anapita hapo polepole, analisoma, anageuza gari.

Kilichomuumiza kuliko vyote ni kwamba watu waliendelea kumwita Maali. Ndiyo ada, mtu akishakuwa waziri jina humbakia. Muuza mkate anamwita Maali, fundi wa gari anamwita Maali. Aliniambia mara moja, "Zuwena, ni kama wananiita kwa jina la marehemu."

Khalfan hakukata tamaa upesi. Kila sikukuu alikuja. Babaako akimpokea majlisini, kahawa, halua, khabari za afya, Kiarabu mwanzo mpaka mwisho, kisha kwa heri. Sikukuu moja alikuja kilemba kimemlalia shingoni kabisa, kinataka kuanguka. Nilikuwa nnachungulia mlangoni. Nilimuona babaako anakitazama. Nilimuona mkono wake umeinuka kidogo kwenye goti. Nikasema moyoni, Yarabi, Yarabi! Akachukua kikombe cha kahawa.

Sikukuu iliyofuata Khalfan hakuja, na zilizofuata hakuja.

Mimi na wewe tuliendelea kwenda kwao, kwa sababu Bi Asya nilikataa kumpoteza. Ndipo ukampenda Ami Khalfan namna ulivyompenda, na alistahiki. Alikufundisha insha za Kiingereza, alikuja kukutazama ukipokea shahada akakaa safu ya nyuma ili asikutane na babaako. Ulipata kuniuliza mbona hakuja kutusalimia. Alikuona vizuri tu. Alitoka mapema makusudi.

Nimefikiri sana, mwanangu, kwa nini babaako hakuweza. Si mtu wa chuki. Watu waliomfanyia mambo ya kweli, waliomsengenya, waliosimamisha karatasi zake, amekula nao. Nikaja kufahamu kuwa Khalfan hakuwa na kosa lolote. Alifanya kile kile ambacho babaako angekifanya, kile ambacho mimi nimekaa nacho nyumbani miaka na miaka. Angelikuwa amemkosea, angemsamehe. Sasa atamsamehe nini? Alikuwa anataka kitu ambacho hakuwa na haki ya kukitaka, na anajua hana haki, na bado anakitaka. Hilo halina dawa, au mimi siijui. Na mimi nilinyamaza nikadhani kunyamaza ni subira. Ningelimwambia hivi ninavyokwambia wewe leo.

Kisha ikasomwa marsumu nyengine, Khalfan naye jina lake halimo. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikasema, sasa wako sawa. Nikamwambia babaako, "Nenda. Leo hakuna waziri hapa wala pale." Akavaa, akatoka, akaondoka na gari. Nikaongeza sufuria nyengine ya wali kwa kudhani atarudi naye. Akarudi peke yake, mapema mno.

"Ana wageni," akaniambia.

Nikamuuliza, "Wageni gani?"

Akavua kilemba akakiweka juu ya meza. Akakaa. Kisha akasema, "Hakuna mgeni. Hakuna gari hata moja nje, Zuwena. Njia nzima tupu mpaka mwisho. Nimeshindwa kuingia. Angedhani nimekwenda kumtazama alivyoanguka."

Sasa tufike kwenye lako.

Ami Khalfan alipolazwa, wewe ulikuwa unakwenda kila ukitoka kazini. Siku ile ulirudi ukaingia moja kwa moja kwa babaako ukamwambia, "Baba, Ami Khalfan anakuita. Anasema ana neno na wewe." Babaako akasema, "Kesho, inshallah." Ulitoka umefunga mlango kwa nguvu. Ulidhani "kesho" yake ni ile "kesho" ya watu wasiotaka.

Asubuhi yake ulitoka mapema kwenda kazini. Hukumuona alivyoamka. Alinyoa ndevu. Aliniuliza kama kuna vitumbua. Nikamwambia nitapika, nikapika, akataka nivitie kwenye chombo chenye kifuniko avichukue. Alikuwa amesimama mbele ya kioo anafunga kilemba simu ilipolia, na aliyepiga alikuwa Bi Asya. Alikuwa akilia tu, nikafahamu Khalfan ameshatutoka.

Babaako alikimaliza kile kilemba. Alikifunga mpaka mwisho, vizuri, kisha akenda majlisini akafunga mlango.

Maziko yalikuwa baada ya alasiri. Nilipokwenda kumwita nilisikia sauti ndani, nikadhani pana mgeni kaingia kwa mlango wa nje. Nikasimama. Alikuwa peke yake. Alikuwa anasema Kiswahili, kile chao cha Unguja cha ujana, cha kukata maneno, ambacho nilikuwa sijakisikia kinywani mwake tangu jioni ile. Anasema na Khalfan. Anamhadithia mambo, fulani kafanya hivi, fulani kasema hivi, kama mtu aliyekuwa safarini anatoa khabari. Kisha akasema, "Ulisema kuku, Khalfan. Na mimi ningesema kuku vile vile, wallahi. Ningesema kuku."

Niligonga. Nikamwambia wakati umefika, gari iko tayari. Akaniambia, "Nitasimama wapi, Zuwena? Mawaziri watasimama upande mmoja, wa leo na wa zamani. Watoto wake upande wa pili. Mimi nisimame na nani?"

Nikamwambia, "Simama na watoto."

Akaniuliza, "Watoto wananijua?"

Wana wa Khalfan wamekua yeye hakanyagi kwao. Akakaa pale na kilemba chake mpaka tukasikia magari yanarudi.

Ningependa kukwambia kwamba tangu hapo anakwenda kaburini kwa siri, ili moyo wako ulainike. Hendi. Sitakusingizia kitu ili umpende. Neno alilokuwa nalo Khalfan hatulijui wala hatutalijua, Bi Asya hakuambiwa, na wewe hukuambiwa. Huenda lilikuwa kubwa, huenda lilikuwa masikhara. Babaako ameishi nalo hivyo hivyo, na mimi nimeishi na babaako.

Kwa hivyo hakukuwa kiburi, Ruqaya. Au kilikuwa kiburi mwanzo, kisha kikageuka kitu chengine ambacho hatuna jina lake.

Kuhusu kazi yako nina moja tu, nalo si amri. Siku itakuja utaambiwa jambo na utaambiwa usilitoe, na litakuwa linamhusu mtu unayempenda. Usilitoe. Babaako hakulitoa, Khalfan hakulitoa, na wewe ni mtoto wao. Lakini likishasomwa, nenda kwake siku hiyo hiyo, na akikufungulia kwa lugha ya wageni, usikae majlisini ukanywa kahawa. Nnamlaumu Khalfan kwa hilo moja, Mungu amrehemu: alikubali kukaa pale alipooneshwa. Angekataa, angesimama pale ukumbini akasema sitoki mpaka unitukane kwa Kiswahili, huenda leo ningekuwa nnakuandikia kuhusu nguo za baridi. Na ikiwa wewe ndiye ambaye jina lako halikusomwa, basi fungua mlango na uingize mtu jikoni.

Nilikuwa nakusudia kumaliza hapo. Lakini babaako ameingia sasa hivi, nnaandika. Amesimama mlangoni hajui aweke wapi mikono yake. Aliniuliza kama umesharudi. Nikamwambia bado. Akauliza kesho mnaondoka na gari ya nani. Nikamwambia ya Said, mtoto wa shangazi yako, wewe ndiye uliyepanga. Alisikia asubuhi ulipokuwa unamwambia Said kwenye simu, "Mimi na Mama tu." Nilimuona alivyosikia.

Kisha akaniuliza, "Hiyo gari ina nafasi?"

Mtu huyu, mwanangu, alikuwa akienda uwanja wa ndege akifunguliwa milango. Ana gari yake nje, imeoshwa leo. Angeweza kusema tu, twende.

Sikumjibu, kwa sababu gari sikuipanga mimi. Yuko ukumbini, amelishika gazeti, halisomi. Ukiingia utamkuta. Mjibu wewe, kwa mdomo wako, kabla hujavua viatu.

Mungu akutangulie uendako, na sisi tuliobaki nyuma atuhifadhi mpaka urudi.

Mamaako.